Madoa Katika Kiwanja cha Kriketi

Mji wa Kisumu umekaa ukingoni mwa Ghuba ya Winam, mahali ambapo reli iliyotoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba, 1901. Reli ilileta makarani, mafundi na wafanya biashara, wengi wao watu wa Bara Hindi, nao walikuja na mchezo wao wa kriketi. Mchezo haukubaki mali ya wageni peke yao. Vijana wa nchi waliujifunza wakaupenda, na mwaka 2003, timu ya Kenya chini ya nahodha Steve Tikolo ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, majina ya wachezaji wengi yaliwafurahisha watu wa Nyanza, maana ni majina yanayosikika kila siku katika vijiji vyao. Wachezaji hao walisifiwa, na ilistahili wasifiwe. Lakini hakuna mchezaji awezaye kucheza vema juu ya majani yaliyooza, na habari hii ni ya majani.

Palikuwa na mzee mmoja mjini humo, karani mstaafu wa bandari, ambaye watu walimwita Jaduong' kwa heshima ya umri wake. Yeye hakupata kuwa mchezaji hodari. Katika ujana wake kazi yake ilikuwa kukaa chini ya mti na daftari, akiandika kila mpira uliorushwa na kila mbio iliyopatikana. Alipostaafu alichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kiwanja kimoja cha kriketi. Ilikuwa kazi isiyo na mshahara, lakini aliyatunza mafaili ya kamati kama alivyoyatunza ya bandari: kila barua na nambari yake, kila mkutano na kumbukumbu zake.

Kiwanja chenyewe kilitunzwa na kijana mmoja aliyeajiriwa kukata majani, kumwagilia maji na kuvuta gogo la chuma la kushindilia udongo. Alikuwa na mama wa kumlisha na mtoto mmoja. Msomaji asiyeujua mchezo huu afahamu kwamba moyo wa kiwanja ni ukanda wa katikati, wenye urefu wa yadi 22, yaani mita 20 na kidogo, na upana wa futi 10. Hapo ndipo mpira hudunda mbele ya mpigaji. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa uwanda wa Kano, hufaa sana kwa ukanda huo, kwa kuwa ukishindiliwa hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Lakini udongo huo huo haupitishi maji upesi, na maji yanayokawia huzaa mambo mengine.

Mwaka mmoja, mvua ndefu zilipokuwa zikielekea kwisha, madoa yalionekana katika ukoka wa kiwanja. Mwanzoni yalikuwa madogo, kila moja kama sarafu kubwa, rangi yake kama majani makavu ya paa la nyumba. Baada ya majuma mawili yaliungana yakawa kama sahani, na mahali pengine kama mkeka. Jambo lililowashangaza wanakamati ni kwamba mengi yalifuata mistari ya mashine ya kukatia majani. Wageni kutoka Nairobi walikuwa wamealikwa kuja kucheza baada ya majuma matatu.

Kamati ilikutana saa kumi na moja jioni, kama ilivyokuwa desturi yake. Mtunza hazina alitembea juu ya kiwanja, akapiga doa moja kwa ncha ya kiatu, akasema, “Hii ni petroli.” Alieleza kwamba mashine inavuja na kijana hajali. Mwingine aliongeza neno zito zaidi: kijana aliomba nyongeza ya mshahara akanyimwa, basi huenda amemwaga petroli kwa makusudi. “Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Iliamuliwa kijana aachishwe kazi. Barua ilipigwa chapa kesho yake, ikaletwa mezani kwa katibu ili aitie sahihi.

Mzee aliishika kalamu, asiandike. Alikumbuka jambo lililompata miaka mingi nyuma, naye hakupenda kulikumbuka.

Wakati huo alikuwa bado kijana, na nyumbani kwao, upande wa Siaya, alikuwa na shamba la wimbi, nafaka ambayo Wajaluo huiita kal. Wimbi lilikuwa zuri kupita la wote. Jirani yake alipita njiani akasimama akalisifu kwa sauti. Baada ya siku chache masuke yalianza kukauka yangali machanga, mengine yakavunjika shingoni, na aliyevuna alivuna makapi. Wazee walisema ni jicho baya. Naye, mtu aliyesoma na kuandika, alisimama mbele ya ukoo akamtaja jirani kwa jina. Tangu siku hiyo watu wale wawili hawakusalimiana. Jirani hakuja katika matanga ya upande huu, wala watu wa upande huu hawakwenda kwake. Watoto wao walikatazwa kuchunga pamoja.

Miaka ikapita. Ndipo Bwana Shamba alipofika kijijini akawaonyesha wakulima majani ya wimbi yenye madoa yaliyochongoka pande zote mbili kama mtumbwi, katikati rangi ya majivu na kando hudhurungi. Kisha akawaonyesha shingo ya suke iliyokuwa nyeusi. Aliwaambia kwamba huo ni ugonjwa wa blasti, unaoletwa na ukungu wa jamii ya Pyricularia, na kwamba ni adui mkubwa wa wimbi katika Kenya ya magharibi. Ukungu wa jamii hiyo hiyo hushambulia mpunga katika mashamba ya maji ya Ahero. Huenea kwa mbegu iliyougua, kwa mabua yaliyoachwa shambani, na kwa vumbi lake jepesi linalochukuliwa na upepo na matone ya mvua. Karani alisikiliza yote, akayatambua madoa yale. Lakini jirani alikuwa amekwisha kufa. Alikwenda kwa wanawe akayasema yaliyompasa kusema, nao wakampa kiti na uji. Hata hivyo msamaha ulikuwa wa baba yao kuutoa, naye hakuwapo.

Kwa sababu hiyo mzee aliiweka kalamu chini. Aliiambia kamati kwamba anaomba siku tatu, na mtunza hazina akamjibu kwamba siku tatu hazitaotesha majani. Mzee alisema ni kweli, lakini aliziomba hata hivyo.

Kesho yake alifika kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijatoka. Usiku upepo wa nchi kavu ulikuwa umevuma kuelekea ziwani kisha ukatulia, na umande ulikuwa mzito hata suruali ililowa mpaka magotini. Kijana alikuwa amekwisha kufika. Mzee aliinama juu ya doa moja, akaona juu ya majani utando mweupe, mwembamba kama pamba iliyochambuliwa, uliobeba matone ya umande. Alikwenda kwenye doa la pili, na la tatu. Yote yalikuwa na utando.

“Umepata kuuona huu?” akauliza.

“Kila asubuhi, Jaduong',” kijana akajibu. “Nilidhani ni buibui.”

“Mbona hukusema?”

“Sikuulizwa, Jaduong'.”

Walisubiri pamoja. Jua lilipopanda, umande ulikauka, na ilipofika saa tatu utando ulikuwa umetoweka usionekane tena. Ndipo mzee alipofahamu kwamba kamati nzima, yeye akiwa miongoni mwao, ilikikagua kiwanja jioni tu. Mtu pekee aliyeuona ugonjwa kwa macho yake ndiye waliyetaka kumfukuza.

Hakuridhika na hayo. Alichukua kijiko kimoja cha petroli akakimwaga juu ya ukoka nyuma ya ghala, mbali na uwanja wa kuchezea. Kisha alichuma majani kutoka ukingoni mwa doa, akayatia ndani ya chupa ya jamu pamoja na kipande cha gazeti kilicholoweshwa maji, akaifunga, akaiweka kabatini. Asubuhi ya pili chupa ilikuwa na pamba nyeupe ndani yake. Nyuma ya ghala, pale penye petroli, majani yote yaliungua kwa pamoja, ncha na shina, na doa halikuongezeka. Lakini majani ya kiwanjani yalikuwa na alama tofauti. Kila jani lilikuwa na baka jeupe lililokatiza upana wake, lililozungukwa na mstari wa hudhurungi, na mara nyingi ncha ya jani juu ya baka ilikuwa bado mbichi. Petroli haichagui hivyo.

Siku ya tatu alichukua chupa na majani ya aina zote mbili akaenda kwa afisa wa kilimo. Afisa alitazama kwa kioo cha kukuzia, akamweleza. Ugonjwa huo hujulikana ulimwenguni kwa jina la sarafu, dola ya fedha ya Kimarekani, yenye upana wa milimita 38, kwa sababu madoa yake hulingana nayo majani yakikatwa chini. Mtaalamu Bennett wa Uingereza aliupa ukungu wake jina la kitaalamu mwaka 1937, na mwaka 2018 wataalamu wengine, baada ya kuchunguza asili yake, waliuhamisha wakauweka katika jamii mpya waliyoiita Clarireedia. Hupenda usiku wenye joto la kadiri, umande mwingi, na majani yenye njaa. Huchukuliwa kutoka mahali hadi mahali kwa viatu, kwa maji, na kwa mashine ya kukatia majani. Ndiyo maana madoa yalifuata mistari ya mashine.

Kisha afisa aliuliza maswali manne. Kiwanja humwagiliwa maji saa ngapi? Kilitiwa mbolea lini? Visu vya mashine vilinolewa lini? Na majani makavu yaliyolala chini ya ukoka yana unene gani? Mzee aliyaandika maswali hayo katika daftari lake, akarudi ofisini, akafungua faili.

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Kumbukumbu za mkutano wa mwezi wa Januari zilionyesha kwamba kamati yenyewe iliagiza maji yatiwe jioni, ili jua lisiyakaushe. Kwa hiyo majani yalilala mabichi usiku kucha, na mvua ilipokuja agizo halikubadilishwa. Fedha za mbolea zilikatwa ili kununua viti. Tena zilikuwamo barua mbili za kijana, zilizoandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya daftari la shule. Ya kwanza iliomba visu vinolewe, kwa kuwa vinararua majani badala ya kuyakata. Ya pili iliomba mbolea kidogo na reki ya chuma ya kuondolea majani makavu. Barua zote mbili zilikuwa na nambari, tarehe na muhuri wa kupokelewa, kwa mkono safi wa katibu, wala hakuna iliyojibiwa. Kama mzee angetia sahihi ile barua ya tatu, ingewekwa juu ya hizo mbili katika faili moja.

Watu kumtafuta mwenye kosa pale mmea unapokufa si jambo la Nyanza peke yake. Mwaka 1845 viazi vilipooza katika mashamba ya Ireland, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja, watu wenye elimu walibishana. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine baridi na mvua, wengine ghadhabu ya Mungu. Kasisi mmoja Mwingereza, Berkeley, aliyependa kuchunguza uyoga na ukungu, aliandika mwaka 1846 kwamba kile kitu cheupe kinachoonekana chini ya jani ndicho chanzo, wala si matokeo ya kuoza. Wengi hawakumwamini, mpaka de Bary wa Ujerumani alipolithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1860. Tangu hapo wataalamu wamejifunza pia kwamba kiumbe kile cha viazi si ukungu halisi, bali ni wa jamii nyingine inayoufanana. Hata elimu hujisahihisha, nayo haioni haya.

Kamati ilipokutana tena, mzee aliwaomba wanakamati waje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si jioni. Wengine walinung'unika, lakini walikuja. Aliwaonyesha utando juu ya madoa, chupa, na mahali palipomwagwa petroli. Mwishowe alisoma barua mbili za kijana kwa sauti, kisha akasoma muhuri wake mwenyewe. Mtunza hazina alinyamaza kitambo, halafu akasema, “Basi na inunuliwe dawa, imwagwe kiwanja kizima, mambo yaishe.”

Ushauri wa afisa wa kilimo, ambao mzee alikuwa ameuandika neno kwa neno, ulikuwa tofauti. Zamani, Ulaya na Marekani, viwanja vya michezo vilitiwa dawa zenye zebaki na kadimiamu, na dawa hizo ziliachwa kwa sababu ya sumu yake. Zilipokuja dawa mpya, wenye viwanja walizitumia mara kwa mara, na katika miaka ya 1970 huko Marekani ikaonekana kwamba ukungu huu umeizoea aina mojawapo hata haudhuriki tena. Tena kiwanja cha Kisumu hakikai peke yake. Mvua inayonyesha juu yake hutafuta mfereji, na mfereji hutafuta ziwa. Ghuba ya Winam imebeba taka na mbolea za kutosha, na tangu miaka ya 1990 gugumaji limeifunika mara kwa mara, wavuvi wakishindwa hata kutoa mitumbwi. Dawa itakayotiwa isizidi kipimo cha kibandiko chake, itumike mahali palipozidiwa tu, na anayeinyunyiza avae glovu, viatu vya mpira na kifuniko cha pua na mdomo.

Basi iliamuliwa hivi. Maji yatatiwa alfajiri tu, kwa wingi na kwa nadra, ili yazame chini kwenye mizizi, kuliko kidogo kidogo kila jioni. Kila asubuhi, kabla ya jua, watu wawili watakokota kamba ndefu juu ya kiwanja ili kuangusha umande, kazi ya dakika chache isiyohitaji fedha. Visu vitanolewa, na majani hayatakatwa yakiwa na maji. Mashine itasafishwa kila itokapo penye ugonjwa. Majani makavu yataondolewa kwa reki, na udongo utatobolewa kwa uma wa chuma ili hewa na maji vipite. Mbolea ya nitrojeni itatiwa kwa kiasi kidogo, maana majani yenye njaa huugua madoa haya, na majani yaliyoshiba kupita kiasi huugua magonjwa mengine. Dawa ilinyunyizwa mara moja, katika ukanda wa katikati peke yake.

Haikuwa miujiza. Wageni kutoka Nairobi walipowasili, madoa mengi yalikuwa bado yanaonekana, ingawa hayakuongezeka, na katikati ya baadhi yake machipukizi ya ukoka yalikuwa yametambaa. Mpira mmoja au miwili ilidunda vibaya. Nahodha wa wageni aliuliza kiwanja kimepatwa na nini, na mtunza hazina, kwa heshima yake, alimjibu, “Tulikimwagilia maji vibaya.” Kijana alikuwa amesimama karibu na ghala akiangalia mchezo, mkononi ameshika kamba ya umande iliyokunjwa.

Yafaa mkulima asomaye habari hii, awe na wimbi Busia, mpunga Ahero au nyanya nyuma ya nyumba, azoee kulitembelea shamba lake kabla umande haujakauka, maana yapo mambo yanayoonekana saa hiyo tu. Na doa lisilojulikana lisipewe jina la mtu, bali jani lenyewe lipelekwe kwa anayejua kulisoma. Yafaa karani naye akumbuke kwamba barua iliyopigwa muhuri tu bado haijajibiwa.

Siku ile ya mchezo, baada ya wageni kuondoka, mzee alirudi ofisini. Aliitoa ile barua ya kuachisha kazi, ambayo haikutiwa sahihi, akataka kuichana. Kisha alibadili shauri. Aliipa nambari, akaiweka chini kabisa katika faili, chini ya zile mbili za kijana, mahali ambapo katibu mwingine atakayekuja baadaye ataikuta. Halafu alichukua karatasi mpya, akaandika jibu la barua ya kwanza, akianza kwa kuomba radhi kwa kuchelewa.